Bukavu: Bugali kwa kipimo, petanki kila Jumamosi. Namna mama mmoja anavyoishi na ugonjwa wa sukari

Ugonjwa wa sukari, ule ambao wengi huuita diabete, hauponi. Lakini mtu anaweza kuishi nao miaka mingi huku akifanya kazi, akipika, akila pamoja na jamaa yake na hata akicheza. Huko Bukavu, katika kata ya Nyalukemba, mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye miaka 54 anaishi hivyo kwa mwaka wa tisa sasa. Anameza dawa za aina mbili, anapika sufuria moja kwa nyumba nzima, na kila Jumamosi mchana anatupa bule za chuma pamoja na marafiki. Chakula na dawa amekwisha kuvizoea. Kinachomsumbua leo ni feza za kupima damu ili ajue sukari yake imefika wapi.

Walidhani ni karuho

Majirani humwita Mama Mwalimu, na ndivyo anavyoitwa hapa, kwa sababu hakupenda jina lake litangazwe. Ugonjwa ulianza na kiu. Alikunywa maji mchana kutwa, na usiku aliamka mara nne ao tano kwenda kukojoa. Kisha akakonda, mpaka vitenge vyake vikamzunguka kiunoni mara mbili.

Katika kartie neno moja likaanza kupita kutoka mlango mpaka mlango: karuho. Kivu, mtu akikonda bila sababu inayoonekana, wengi hufikiri kwanza sumu hiyo ambayo inasemekana watu hutiliwa katika chakula ao kinywaji. Jamaa wakampeleka kwa wale wanaosema wanatibu karuho. Kwa wiki sita alinyweshwa dawa za miti na kutapishwa. Na kwa kuwa alikuwa amelegea, nyumbani walimpa chai yenye vijiko vinne vya sukari ili apate nguvu.

Ni mwuguzi wa kituo cha afya aliyemtoboa kidole asubuhi moja, kabla hajala kitu. Kifaa kilionyesha 312. Waganga husema mtu ana ugonjwa wa sukari ikiwa damu yake, baada ya usiku mzima bila kula, ina miligramu 126 za sukari ao zaidi katika desilita moja, na kipimo cha siku nyingine kikithibitisha hivyo. Mama Mwalimu alikuwa amepita mara mbili ya kiasi hicho.

Mwuguzi alimweleza jambo ambalo leo yeye mwenyewe huwaeleza wengine. Chakula tunachokula hugeuka sukari katika damu. Ili sukari hiyo iingie katika misuli na kuwa nguvu, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Katika ugonjwa wa aina ya pili, ule ulio wa kawaida zaidi kwa watu wazima, insulini ingalipo lakini mwili hauisikii vizuri, na polepole inapunguka. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni ao ujanani, kongosho haitengenezi tena insulini ya kutosha kuishi. Huyo lazima ajidunge sindano kila siku.

Sufuria moja, si mbili

Mama Mwalimu alirudi nyumbani na wazo kwamba chakula kimekwisha kwake. Akaanza kujipikia kando: shu iliyochemshwa bila chumvi wala mafuta, na kiazi kimoja. Alikula peke yake jikoni ili asione sahani za wengine. Watoto walimwonea huruma, wageni waliuliza kama amegombana na mume wake. Hali hiyo iliendelea miezi miwili. Mwezi wa tatu alichoka, akarudia bugali kama zamani, na sukari ikapanda tena.

Kilichomwokoa ni maelezo rahisi aliyopewa alipopimwa tena: chakula kinachomfaa mgonjwa wa sukari kinafaa pia kila mtu wa nyumba. Hakuna haja ya sufuria mbili. Kinachobadilika ni kiasi kinachowekwa katika sahani.

Tangu siku hiyo anaigawa sahani yake kwa macho. Nusu ni mboga: lengalenga, shu, sombe ao bilinganya. Robo moja ni sambaza, ndagala, maharagi, yai ao nyama. Robo iliyobaki ni bugali, wali, ndizi ao viazi. Zamani alikata matonge ya bugali bila kuhesabu. Sasa bugali yake haipiti ukubwa wa ngumi yake mwenyewe iliyofungwa.

Bugali ya muhogo mtupu karibu yote ni wanga, na wanga hugeuka sukari haraka. Kwa hiyo anauchanganya unga wa muhogo na unga wa mahindi yasiyokobolewa ao wa mtama, ambao una nyuzinyuzi zaidi. Anaanza pia kula mboga na maharagi, kisha bugali mwishoni. Chakula ni kile kile, lakini kikiliwa kwa mpango huo sukari hupanda polepole zaidi. Amejionea mwenyewe kwa kifaa chake.

Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hawakaangi tena katika mafuta mengi. Anawapika kwa nyanya, poaro na limau. Sombe anaipika na karanga zilizosagwa na mawese kidogo tu. Chumvi ameipunguza kwa wote, na mume wake, ambaye ana ugonjwa wa tansio, amefaidika bila kupikiwa kando.

Chai ndiyo iliyompa shida kubwa. Alishuka kutoka vijiko vinne hadi vitatu, kisha viwili, kisha kimoja, akibaki wiki mbili kwa kila hatua. Leo anainywa na tangawizi bila sukari, na anasema kwamba chai ya wengine sasa inamshinda kwa utamu. Fanta aliiacha mara moja alipoelezwa kwamba chupa moja ndogo inaweza kuwa na sukari ya karibu vijiko vinane. Matunda anakula, lakini tunda lenyewe, moja kwa wakati, si maji yake yaliyokamuliwa.

Nje ya nyumba mambo ni magumu zaidi. Katika matanga ao arusi, kukataa sahani ya mwenyeji ni kama kumdharau. Mama Mwalimu hakatai. Anapokea sahani kwa mikono miwili, anakula mboga na nyama, na bugali anaimegea mtoto aliye karibu. Akimiminiwa kasigisi, anagusa kinywani mara moja kwa heshima, kisha anaomba maji. Na kabla ya kutoka nyumbani anakula kidogo, kwa sababu katika sherehe zetu chakula cha saa saba kinaweza kutoka saa kumi.

Mchezo uliozaliwa kwa ajili ya mgonjwa

Muganga alikuwa amemwambia pia atembee. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, kama kutembea kwa haraka. Lakini kutembea peke yake katika milima ya Bukavu, bila anakokwenda, kulimchosha. Mwalimu mwenzake akampeleka kwenye uwanja mmoja wa changarawe ambapo watu wazima hucheza petanki.

Mchezo huo umeenea katika nchi nyingi zinazosema Kifaransa, na Kongo imo. Ulizaliwa La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20. Kulikuwa na mchezaji aitwaye Jules Lenoir, ambaye maumivu ya viungo yalimzuia kukimbia hatua chache kabla ya kutupa, kama desturi ya mchezo wa wakati huo ilivyotaka. Marafiki zake hawakumwacha pembeni. Walibadilisha sheria: kila mtu atupe akiwa amesimama, miguu yote miwili chini. Jina petanki lenyewe linatokana na maneno ya lugha ya huko yenye maana ya miguu iliyokazwa chini.

Sheria zake si nyingi. Mchezaji anasimama ndani ya duara dogo lililochorwa chini. Kipira kidogo cha mbao, ambacho huitwa koshone, kinatupwa umbali wa mita 6 hadi 10. Kisha kila upande unatupa bule zake, kila moja ikiwa na uzito wa kati ya gramu 650 na 800. Bule iliyo karibu zaidi na koshone ndiyo inayoleta pointi, na wa kwanza kufikia 13 ameshinda. Katika kila kundi kuna anayeweza kulaza bule karibu na koshone, na kuna anayelenga bule ya adui ili aifukuze. Mama Mwalimu ni wa kulaza. Wenzake wanasema mkono wake ni wa mtu aliyeandika ubaoni miaka 30.

Je, mchezo wa kusimama unaweza kupunguza sukari? Kwa saa moja na nusu ao mbili mchezaji anakwenda na kurudi uwanjani, anainama kuokota bule, ananyanyuka, anatupa. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari kutoka damu, na baada ya hapo mwili huisikia insulini vizuri zaidi, hata mpaka kesho yake. Jumamosi moja alijipima baada ya chakula cha mchana, akaona 187. Baada ya mchezo alikuwa na 128. Lakini yeye mwenyewe hakubali sifa zote ziende kwa bule. Anasema kilima anachopanda kwa mguu kurudi nyumbani kinafanya kazi kubwa kuliko uwanja. Petanki inampa sababu ya kutoka nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo hachezi nalo: viatu. Sukari ikiwa juu kwa miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anaweza kukanyaga msumari asisikie. Kidonda kidogo kinaweza kuoza na kuishia kwa kukatwa mguu. Bule ya chuma ikimwangukia mtu mwenye kandambili, habari inaweza kuwa ndefu. Mama Mwalimu anacheza na viatu vilivyofungwa, na kila usiku anaosha miguu, anaikausha kati ya vidole, kisha anaitazama chini kwa kioo kidogo.

Siku mkono ulipotetemeka

Wengi wanaujua ugonjwa huu kwa sukari inayopanda. Miaka minne iliyopita, uwanja mzima ulijifunza upande wa pili.

Siku hiyo mkutano wa wazazi shuleni ulikuwa umechelewa kumalizika. Mama Mwalimu alikuwa amemeza dawa zake asubuhi, metformini na glibenklamidi, lakini hakupata muda wa kula mchana. Alikwenda uwanjani moja kwa moja. Mchezo ulipofika 11 kwa 11, bule yake ilianguka mbali kabisa na koshone. Mikono ilitetemeka, jasho baridi likamtoka usoni. Papa mmoja alipomuuliza kama anajisikia vibaya, alimjibu kwa matusi, yeye ambaye hajawahi kumtukana mtu. Baadhi ya watu walicheka, wakidhani amepitia mahali akanywa.

Kijana mmoja wa miaka 19 ndiye hakucheka. Yeye ana ugonjwa wa aina ya kwanza tangu utoto, na dalili hizo anazijua katika mwili wake. Alitoa kifaa chake mfukoni na kumpima: 48. Chini ya 70 ni hatari. Akaagiza glasi ya maji na vijiko vitatu vya sukari, akamnywesha, akangoja dakika 15, akampima tena: 79. Kisha wakampa hindi la kuchoma ale, ili sukari isishuke upya.

Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari mpaka huko. Glibenklamidi na insulini zinaweza, hasa mtu asipokula ao akifanya kazi nyingi ya mwili. Ndiyo maana waganga wanasisitiza: dawa hizo zinakwenda pamoja na chakula, na anayezitumia asitembee bila sukari ao pipi mfukoni. Mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari mara moja. Akizimia, asimiminiwe kitu mdomoni, kwa sababu kinaweza kuingia katika mapafu. Alazwe kwa ubavu na kupelekwa haraka hospitali.

Tangu siku hiyo pakiti ndogo ya sukari inakaa ndani ya mfuko wa bule, na wachezaji wote wanajua ni ya nini. Papa aliyetukanwa ndiye anayeitunza. Kwa Mama Mwalimu hilo ndilo faida kubwa ya kutoficha ugonjwa. Kama wenzake wasingelijua, wangelimwacha alale pembeni wakidhani ni pombe.

Mzigo wa bandeleti

Februari 2025, AFC/M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango. Mshahara wa Mama Mwalimu ulikuwa unapitia benki. Dawa za vidonge aliendelea kuzipata kwa feza za biashara ndogo ya mume wake. Alichokata ni bandeleti, vile vipande vidogo vinavyowekwa katika kifaa kupima damu. Kila kipimo kinakula kipande kimoja, na hakitumiki mara mbili. Alikuwa akijipima mara tatu kwa wiki, akashuka hadi mara moja, kisha mara moja kwa wiki mbili. Anafananisha hali hiyo na kuendesha gari usiku bila taa: barabara unaijua, lakini shimo jipya hulioni.

Kwa kijana wa uwanja ule, shida ni kubwa zaidi. Yeye hawezi kusubiri. Mtu wa aina ya kwanza akikosa insulini, siku chache zinatosha kumpeleka kaburini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wote wa dunia wenye ugonjwa huo mpaka Januari 1922, wakati kijana Leonard Thompson alipodungwa insulini ya kwanza huko Toronto, Kanada, chini ya mwaka mmoja baada ya Frederick Banting na Charles Best kuanza utafiti wao. Zaidi ya miaka 100 imepita, lakini kwa mtu ambaye barabara imefungwa ao mfuko umekauka, hatari ni ile ile.

Umeme nao hukatika mara nyingi. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyofunguliwa kwa kawaida huvumilia kama wiki nne mahali pasipo na joto kali. Kijana huyo hana frigo ya kutegemea. Anaziweka katika chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, na mchanga uliolowa katikati. Maji yanapokauka polepole, chungu cha ndani hupoa. Hakifikii baridi ya frigo, lakini kinazuia joto la mchana kuiharibu dawa.

Wachezaji wanane wa uwanja, kati yao watatu wenye ugonjwa wa sukari, wameanza likelemba. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa feza kidogo. Mwezi mmoja zinanunua boksi ya bandeleti 50, mwezi mwingine zinakwenda kwa sindano za kijana. Kifaa cha kupima kinatumiwa na watu watatu na kufutwa kwa alkoli kila mara. Lakini kisindano cha kutobolea kidole kila mtu ana chake, na kikishatumiwa kinatupwa, kwa sababu kushirikiana kisindano kunaweza kuambukiza homa ya ini na ukimwi. Chupa ya bandeleti inafungwa papo hapo baada ya kutoa kimoja, maana unyevu wa hewa unaviharibu na kuvifanya vitoe namba za uongo.

Kuna pia kipimo kingine, kile kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi mitatu iliyopita. Kinafanyiwa katika maabara kubwa, na kwa wagonjwa wengi lengo ni kukaa chini ya asilimia 7. Mwaka wa kwanza Mama Mwalimu alikuwa na 10,8. Mara ya mwisho alikuwa na 7,1. Muganga aliridhika, lakini akamkumbusha kwamba bado hajapimwa macho mwaka huu, na figo pia.

Kwa wasomaji wenye kiu isiyoisha, wanaokojoa sana usiku, wanaokonda huku wanakula, ao wenye vidonda visivyopona, waganga wanashauri jambo moja: kabla ya kumshuku jirani na karuho, fika kituo cha afya asubuhi bila kula, ukapimwe kidole. Jibu hutoka kwa muda usiozidi dakika moja. Anayekutwa na ugonjwa asiache dawa siku anapojisikia vizuri, kwa sababu mara nyingi ni dawa hizo ndizo zinazomfanya ajisikie vizuri.

Mwezi huu, likelemba ni zamu ya sindano. Boksi ya bandeleti ina vipande 11 vilivyobaki, vya watu watatu, mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mama Mwalimu amechukua vitatu. Vinane amewaachia wengine wawili, na vingi kati ya hivyo ni vya kijana.